Saa Saba Mchana Si Saa Moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme machache kuhusu riwaya fupi ya upelelezi iliyomalizika Jumamosi iliyopita katika gazeti lako, ile ya mwanafunzi wa Dar es Salaam anayegusa saa kongwe huko Greenwich na kujikuta katika London ya Februari 1894, enzi za Malkia Victoria, akitakiwa kumtafuta muuaji wa mzee fundi saa wa mtaa wa Clerkenwell. Nimezisoma sehemu zote saba, mbili kati yake mara mbili mbili, na kila Jumamosi nilikuwa nikitoka kulitafuta gazeti kabla sijanywa chai, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba naandika kwa sababu hadithi haikunipendeza. Mimi ni fundi saa mstaafu. Nimefungua na kufunga saa za watu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini, na hadithi iliyojengwa juu ya saa imenigusa mahali ambapo msomaji mwingine pengine alipita bila kujikwaa.

Lawama yangu ni moja, ingawa ina matawi. Hadithi ya namna hii humwomba msomaji akubali uongo mmoja mkubwa, kwamba mtu anaweza kuvuka miaka mia na thelathini na kitu kama avukaye barabara, na msomaji akishaukubali huo kwa moyo mkunjufu, mwandishi hana tena ruhusa ya kumwongezea uongo mdogo mdogo kuhusu saa zenyewe. Sisi tuliokulia kwenye visa vya Bwana Msa, vya marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, tumezoea kushindana na mpelelezi, kupima nani alikuwa wapi na wakati gani, na kuweka dau letu kabla ya sura ya mwisho. Mashindano hayo hayawezekani ikiwa saa ya mwandishi inakwenda mbele na nyuma bila yeye mwenyewe kujua.

Nianze na lililoniudhi zaidi. Katika sehemu ya pili mzee anauawa "saa moja kamili", na baharia wa Kizanzibari, ambaye polisi wanamshuku kwa sababu tu ni mgeni, anajitetea kwamba saa hiyo hiyo alikuwa sitahani, meli ikiwa imetia nanga kwenye mto Thames, akiutazama mpira wa Greenwich ukishuka ili apatanishe kronomita ya nahodha, ile saa sahihi ya melini inayoendeshwa kwa springi. Mpira huo ni wa kweli. Uliwekwa juu ya paa la kituo cha kuangalizia nyota mwaka 1833, na utaratibu wake ni kwamba hupandishwa hadi nusu ya mlingoti zikiwa zimebaki dakika tano, hufikishwa kileleni zikibaki dakika mbili, kisha huachiwa ushuke inapotimia saa saba kamili za mchana, ili walioko mtoni warekebishe saa zao kabla ya kung'oa nanga. Saa saba mchana, Ndugu Mhariri. Mwingereza huiita saa hiyo "moja" kwa kuwa hesabu yake huanza adhuhuri na usiku wa manane, ilhali yetu huanza jua linapochomoza na linapotua, na mwandishi, ambaye bila shaka alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza, aliichukua ile moja kama alivyoikuta.

Matokeo yake ni kwamba kwa wiki tatu nilimtia hatiani mtu asiye na kosa. Nilifikiri hivi: saa moja ya asubuhi haiwezi kuwa, kwa maana mzee alikuwa amekwisha kuwahudumia wateja kadhaa, basi ni saa moja ya usiku. Lakini katikati ya Februari jua la London hutua yapata saa kumi na moja na robo, na kufika saa moja giza limekwisha kutanda. Nani basi aliye mtoni atauona mpira juu ya kilima? Nikamwambia mke wangu kwamba baharia anasema uongo na kwamba kesi imekwisha. Alipokuja kuonekana hana hatia katika sehemu ya tano, sikuona kwamba nimeshindwa na mwandishi kwa werevu wake. Niliona nimeshindwa na tafsiri.

Kosa hilo hilo limerudiwa kwenye mlipuko wa bomu, ulioandikwa kuwa ulitokea "saa tano kasorobo". Hapa nimsifu mwandishi kwanza, maana tukio alilolichagua ni la kweli na wachache wanalijua. Alhamisi, tarehe 15 Februari 1894, kijana wa Kifaransa aitwaye Martial Bourdin, mwenye umri wa miaka 26 na aliyejulikana kushirikiana na wapinga dola waliokuwa London wakati huo, alipanda tramu kutoka Westminster hadi Greenwich akiwa amebeba bomu, nalo likamlipukia mwenyewe bustanini, kwenye njia inayopanda kuelekea kituo cha kuangalizia nyota. Ilikuwa yapata saa kumi na moja kasorobo za jioni. Mkono wake wa kushoto ulikatika, naye akafariki muda mfupi baadaye bila kueleza alikuwa akienda kufanya nini, na hadi leo lengo lake limebaki kuwa jambo la kubishaniwa. Miaka kumi tu kabla ya hapo, mwaka 1884, wajumbe wa nchi 25 walikuwa wamekutana Washington na wengi wao wakapitisha kwamba mstari wa Greenwich ndio uwe mwanzo wa kuhesabia nyuzi za longitudo duniani. Kijana mwenye bomu, akipanda kilima ambacho dunia imekubaliana kupatanishia saa zake: mwandishi wa upelelezi angeomba fumbo gani zaidi ya hilo? Hata hivyo katika hadithi yetu bomu limepita kama mlio wa radi ya mbali, wahusika wakageuza shingo, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Sasa nije kwenye ufumbuzi wenyewe, na waliokuwa bado hawajasoma sehemu ya mwisho waniwie radhi. Muuaji ni mpwa wa marehemu, ambaye alithibitisha kwa mashahidi kwamba alikuwa stesheni ya Bristol katika dakika ambayo isingemwezesha kuwahi treni ya London, na mwanafunzi wetu anamuumbua kwa kugundua kwamba saa za Bristol zilikuwa nyuma ya saa za London kwa dakika kumi. Hila hii ni nzuri mno. Nilipoifikia nilisimama na kwenda dirishani. Bristol iko magharibi ya Greenwich kwa nyuzi mbili na nusu na zaidi kidogo, jua huchukua dakika nne kuvuka kila uzi mmoja, na kwa hiyo adhuhuri ya Bristol huchelewa kwa dakika kumi na sekunde chache. Watu wa mji ule waliishi kwa jua lao mpaka reli ya Great Western ilipoanza mwaka 1840 kutumia saa ya London katika stesheni zake, ndipo saa kubwa iliyoko kwenye jengo la soko la nafaka la Bristol ikatiwa akrabu mbili za dakika, moja ya mji na moja ya reli. Akrabu hizo mbili zipo hadi leo, na katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kuletewa saa yenye aibu ya kusema nyakati mbili kwa pamoja bila mwenyewe kuomba itengenezwe.

Tatizo ni mwaka. Bristol iliiacha saa yake ya jua na kufuata ya Greenwich mwaka 1852. Miji mingine ilikaidi zaidi, na mahakama nayo haikuwa na haraka: mwaka 1858, katika shauri la Curtis dhidi ya March, jaji wa Dorchester alikaa kitini saa nne asubuhi kwa saa iliyofuata Greenwich, mdaiwa hakuwepo, hukumu ikatolewa, kisha mdaiwa akaingia akilalamika kwamba kwa saa ya mji wake saa nne ilikuwa bado haijafika, na majaji waliolisikiliza shauri hilo baadaye wakampa haki, wakisema saa ni ile ya mahali watu walipo. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1880 ili saa ya Greenwich iwe saa halali ya Uingereza nzima ya kisiwa kile kikubwa. Mpwa wa hadithi yetu ana umri wa miaka 25 mwaka 1894. Kwa maneno mengine, alizaliwa mwaka 1869 au karibu na hapo, na hajaishi hata siku moja katika Bristol yenye zile dakika kumi. Kumfunga kwa dakika hizo ni sawa na kumfunga mtu wa leo kwa ushahidi wa noti iliyoondolewa kwenye mzunguko kabla baba yake hajaoa.

Mwandishi anaweza kujibu kwamba hata dakika zikiondolewa, alama za vidole zilizokutwa kwenye kioo cha saa ya marehemu zinatosha. Hapana, hazitoshi, na hapa ndipo naona ameikimbia nafasi bora aliyokuwa nayo. Alama za vidole zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa wataalamu mwaka 1894. Francis Galton alikuwa amechapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1892. Lakini polisi wa London walianzisha ofisi ya alama za vidole mwaka 1901, mwaka uleule aliofariki Malkia Victoria, na ilipofika 1905 ndipo watu walipotiwa hatiani kwa mauaji nchini humo kwa ushahidi wa namna hiyo. Katika hadithi yetu inspekta anaitikia kwa kichwa, anatoa unga, anapuliza, na mpwa anaanguka kilio. Hebu fikiria kama inspekta angemtazama msichana yule wa Kiafrika kwa mshangao na kumuuliza unga huo ni wa nini. Msichana angekuwa anajua kwa yakini muuaji ni nani, kwa elimu ambayo kila mtoto wa sekondari wa leo anayo, wala asiwe na namna ya kumthibitishia mtu yeyote katika mji ule. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dhiki ya msafiri wa wakati: anajua mengi kuliko wote na hana shahidi. Mwandishi amemwondolea dhiki hiyo kwa kumkopesha inspekta miaka saba.

Mambo madogo nayapita haraka. Shilingi ya Kiingereza ya enzi zile ilikuwa na peni 12, na paundi ilikuwa na shilingi 20, hivyo msichana hawezi kulipa shilingi kwenye duka la mikate akarudishiwa "senti hamsini". Tena, hakuwa na sababu ya kungojea barua ya Zanzibar kwa majuma, kwa kuwa waya wa telegramu ulikuwa umekwisha kufika kisiwani tangu 1879. Na ile makala yenu ya utangulizi iliyosema kwamba hadithi za kusafiri katika wakati ni jambo la sinema za siku hizi ilinishangaza kidogo, kwa kuwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa riwaya yake fupi ya mashine ya wakati mwaka 1895, mwaka mmoja tu baada ya bomu la Greenwich. Yeye lakini alikuwa mjanja. Alimpeleka msafiri wake mbele, hadi mwaka 802701, ambako hakuna fundi saa mstaafu wa kumwandikia mhariri.

Kuna mtu mmoja ambaye nilimngojea katika kila sehemu na hakutokea. Tangu mwaka 1836 mtumishi wa kituo cha Greenwich aitwaye John Henry Belville alikuwa akipatanisha saa yake ya mfukoni na saa kuu ya kituo, kisha akizungukia mafundi saa na wateja wengine wa London, wapatao 200, kuwauzia wakati ulio sahihi. Alipofariki mwaka 1856 mjane wake Maria aliiendeleza kazi, na mwaka 1892 binti yao Ruth akaipokea, akaifanya mpaka 1940. Saa yenyewe ilikuwa kazi ya John Arnold, nao waliiita kwa jina hilo, Arnold, kama mtu wa nyumbani; na inasimuliwa kwamba kasha lake la dhahabu lilibadilishwa likawa la fedha ili wezi wasiitamani. Kwa hiyo mwaka 1894 kulikuwa na mwanamke aliyepanda kilima cha Greenwich kila wiki, siku ya Jumatatu, akashuka na saa kwenye mkoba wake, na kwenda kubisha hodi kwenye maduka kama lile la mzee wa Clerkenwell. Nani angeweza kujua vizuri zaidi kwamba saa ya ukutani ya marehemu imechezewa?

Huenda nampenda Ruth Belville kwa sababu zangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, mwalimu wangu alikuwa akisikiliza milio ya saa kwenye redio ya London, anapatanisha saa yake ya mfukoni, ananikabidhi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na kunituma nizunguke madukani mjini kurekebisha saa za ukutani, kujaza kamani zilizolegea na kurudi na senti za kazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona nimebeba kitu ambacho matajiri wa mji hawana. Nilipokuja kusoma habari za mama huyu uzeeni, nilihisi kama nimesoma habari za shangazi yangu.

Nisiishie kwenye kukosoa, maana mwandishi ametangaza kwamba hadithi itatoka kama kijitabu, na bado kuna muda wa kuirekebisha. Njia ya kwanza ni kuirudisha nyuma hadi mwaka 1850, hila ya Bristol ikapona, lakini hapo bomu litapotea na itakuwa hasara. Napendekeza njia ya pili, ambayo nyenzo zake zote zimo ndani ya hadithi tayari, na ambayo haiwezi kuandikwa vizuri na mtu asiyekuwa Mswahili.

Baharia wa Kizanzibari anakaa Limehouse, mtaa wa London karibu na bandari, kwenye ile nyumba ya wageni iliyofunguliwa mwaka 1857 kwa ajili ya mabaharia wa Kiasia, wa Kiafrika na wa visiwa vya bahari ya kusini. Mwandishi ameitaja kwa usahihi na nampongeza. Asogeze mauaji hadi baada ya magharibi ya siku ileile ya bomu. Kisha baharia, aliyemwona mpwa akitoka dukani, aulizwe na polisi ni lini, naye ajibu kwa mkalimani kama alivyofundishwa na wazee wake: usiku wa Ijumaa. Mkalimani atatafsiri, karani ataandika Ijumaa usiku, tarehe 16, na ushahidi wote utaharibika, kwa kuwa tarehe 16 usiku mzee alikuwa amekwisha kufa tangu jana na mpwa alikuwa mbele ya watu ishirini. Polisi watasema Mwafrika huyu anababaisha, na pengine anajificha nyuma ya uongo wake. Lakini kwa watu wa pwani siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao Mwingereza anauita Alhamisi usiku, na baharia amesema kweli tupu kwa hesabu ya kwao.

Katika London yote ya hadithi ni msichana yule peke yake anayeweza kulitambua hilo, tena si mara moja. Amekulia Dar es Salaam ya leo, ambako vijana, wakiwemo wajukuu zangu, husema "Alhamisi usiku" bila kufikiri, na watangazaji wa redio wametafuta njia ya kati kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili wasigombane na upande wowote. Itabidi amkumbuke bibi yake. Itabidi akae kwenye chumba cha baridi cha Limehouse, arudie maneno ya baharia mara tatu au nne, na asikie ndani yake sauti ya bibi akimwonya asifagie nje maana usiku wa Ijumaa umeingia, na huku kalenda ya ukutani ikisema Alhamisi. Hahitaji unga wala elimu ya miaka ijayo ili amshawishi inspekta. Anahitaji kumweleza tu kwamba kuna watu wanaohesabu siku kutoka magharibi, jambo ambalo Myahudi yeyote wa mtaa wa Whitechapel angelithibitisha papo hapo, kwa kuwa Sabato yake nayo huingia jua linapotua. Na msomaji wako, Ndugu Mhariri, atakuwa ameliona neno hilo tangu sehemu ya pili, limelala wazi mbele ya macho yake, na kama ni mtu wa pwani atakuwa na nafasi sawa na ya mpelelezi ya kulifumbua.

Namwomba basi mwandishi, kupitia kwako, kabla ya kijitabu kupelekwa mitamboni, apitie kila saa iliyotajwa katika sehemu zote saba na kuibadilisha iwe saa ya Kiswahili, akianza na ule mpira. Kama atapenda kuuliza lolote kuhusu viungo vya ndani vya kronomita, ambayo katika sehemu ya nne ameitia betri, namba yangu ya simu anayo mhariri.

Wako mtiifu,

Fundi saa mstaafu,
Tanga